Mdhamini au mthamini? Ulinganisho wa maneno yanayotuponza tukiandika

Kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha maandishi ya watu hapa Mwanza: mikataba ya vyumba, barua za mkopo, matangazo ya vikundi, ratiba za misiba, mabango ya maduka. Maneno ninayoyaweka hapa ubavu kwa ubavu ndiyo yanayonifikia yakiwa yamebadilishana viti, na nimeyapanga kwa uzito wa madhara yake, maana makosa ya kuandika hayalingani. Ukiandika "kwasababu" kwa kuunganisha, msomaji anaelewa na anaendelea. Ukimwita mwenye mali kwa jina la anayekodi mali hiyo, umehamisha deni kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Nguvu za kusahihisha tuanzie huko.

Kukodi au kukodisha, kupanga au kupangisha

Anayepanga chumba ndiye anayelipa kodi. Anayepangisha ndiye anayeipokea. Mpangaji analala ndani, mpangishaji ndiye mwenye nyumba. Kukodi kunakwenda hivyohivyo: anayekodi anachukua cha mwenzake na kukilipia, anayekodisha anatoa chake. Hata hivyo utamsikia kijana wa Nyakato akisema "nimekodisha bajaji, nalipa hesabu kila jioni", na dada aliyehamia Buswelu akisema "nimepangisha chumba kwa mama mmoja" wakati chumba ni cha huyo mama. Kwenye mazungumzo tunaelewana. Kwenye karatasi hatuelewani.

Chukua mkataba wa mtumbwi wa aina inayoandikwa sana mwaloni Kirumba. Rasimu inasema: "Mimi mkodishaji nitampa mwenye mtumbwi shilingi elfu themanini kila Jumamosi. Mashine ikiharibika, mkodishaji ataitengeneza." Sentensi ya kwanza inajiokoa yenyewe, kwa kuwa imemtaja mwenye mtumbwi pembeni. Ya pili haina wa kuiokoa. Kwa Kiswahili cha kamusi, mkodishaji ni yule anayetoa mtumbwi wake, kwa hiyo matengenezo ya mashine yamemwangukia mwenye chombo, ingawa wote wawili walikubaliana kinyume chake. Mashine ikizima katikati ya maji na ugomvi ukafika kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi itamtetea asiyestahili.

Kwa mikataba ya namna hii, ushauri wangu si hata kuchagua kati ya hayo mawili. Andika "mwenye mtumbwi" na "anayekodi", tangu mstari wa kwanza mpaka kwenye sahihi, usibadilishe. Kwa vyumba, "mwenye nyumba" na "mpangaji" yanatosha, na hakuna mtu atakayeyageuza.

Kuazima nako kuna mtego wake, kwa sababu neno hili linakwenda pande zote mbili. "Niazime nyavu" maana yake nipe kwa muda, na "nimeazima nyavu" maana yake nimechukua. Kama unaandika orodha ya vifaa vya kikundi, sema nani amechukua kutoka kwa nani na atarudisha lini.

Mdhamini au mthamini

Hapa ndipo watu wa kwetu tunaumia zaidi, na sababu yake inaeleweka. Sauti za dh, th na gh zilikuja na maneno ya Kiarabu kupitia pwani, na Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja. Lugha nyingi za Kanda ya Ziwa hazina dh wala th. Mtoto aliyekulia Kwimba au Sengerema anasikia "z" na "s", anaandika anachosikia, kisha akijua kwamba kuna herufi "za Kiswahili kizuri" anazimwaga hata pasipotakiwa. Ndiyo maana bango la fundi seremala linasema "Tunauza thamani za ndani". Kinachouzwa pale ni samani: vitanda, makabati, meza. Thamani ni kiasi cha ubora au bei ya kitu.

Mdhamini ni anayesimama nyuma yako: ukishindwa kulipa mkopo, anabanwa yeye. Mthamini ni mtaalamu anayekadiria mali ina thamani gani, kama wanaokuja kupima nyumba na mazao pale barabara inapotakiwa kupita kwenye kiwanja chako. Serikalini kuna ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, na kazi yake haihusiani na kumwekea mtu dhamana. Barua ya mkopo iliyoandikwa "mthamini wangu ni mjomba" inamweka afisa mikopo njia panda: je, mjomba ameahidi kulipa, au amekadiria bei ya shamba?

Kuna kipimo kinachofanya kazi. Tafuta ndugu wa neno hilo unayemjua vizuri, uone anaandikwaje. Dhamana ya polisi wengi tunaijua kwa dh, basi dhamini, mdhamini na udhamini vinafuata. Thamani inazaa thamini, mthamini, uthamini. Kipimo hichohicho kinaamua kuzuru na kudhuru. Kuzuru ni ndugu wa ziara, kudhuru ni ndugu wa madhara. "Mkuu wa wilaya ameidhuru shule yetu" ni mashtaka mazito dhidi ya mtu aliyekuja kukabidhi madawati.

Kipimo kinaendelea. Kuathirika kunatokana na athari: wavuvi wameathirika na upepo, wakulima wa pamba wameathirika na bei. Kuadhirika ni kupata aibu mbele za watu. Ukiandika "familia zilizoadhirika na mafuriko", umesema zimefedheheka. Kuazimia kunazaa azimio, yaani uamuzi wa pamoja, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kuadhimisha kunazaa maadhimisho, yaani kuikumbuka siku kwa heshima, kama tunavyofanya tarehe 26 Aprili kwa ajili ya Muungano. Mkutano wa kikundi una maazimio. Sherehe ya kikundi kutimiza mwaka ni maadhimisho. Halafu kuna zana na dhana. Nyavu, ndoano na karabai ni zana za uvuvi. Dhana ni wazo, ndugu yake ni kudhani. "Duka la dhana za uvuvi" halina cha kumuuzia mvuvi.

L na r

Msukuma huelemea l, Mkurya huelemea r, na mji wetu una wote. Sioni aibu yoyote katika matamshi hayo, na simpendi mtu anayemcheka mwenzake kwa sababu ya lafudhi. Maandishi ni jambo jingine, kwa kuwa msomaji haoni uso wako wala hasikii unachokusudia.

Jozi za kuchunga si nyingi. Kura hupigwa, chakula huliwa. Mahali ni sehemu, mahari ni mali ya posa, na kadi inayosema "mahari pa sherehe ni Igoma" inawashtua wakwe. Kalamu inaandika, karamu inaliwa. Kwa jozi hii ya mwisho ndugu wa neno anasaidia tena: karamu iko karibu na mkarimu na ukarimu, ambayo watu wengi huyatamka kwa r bila shida. Kula nako kunajulikana kwa chakula na mlo.

Fahari na fahali ni jozi inayotuhusu kwa namna ya pekee, sisi watu wa ng'ombe. Fahali ni dume la ng'ombe. Fahari ni sifa, utukufu, jambo la kujivunia. Methali inasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na ukiiandika kwa r zizi linabaki bila maana. Kinyume chake, fulana za timu zenye maandishi "Fahali ya Mwanza" zinasifia ng'ombe, na hata hapo ingebidi iwe "fahali wa Mwanza".

Kwa maneno yasiyo na jozi, kama rejareja, ajali, leseni, subiri na hatari, kosa halibadilishi maana. Linaharibu sura tu. Bango la "jumla na lejaleja" litaendelea kuuza sukari. Lakini kama unalipa pesa kuchora bango litakalokaa ukutani miaka, mpe mtu wa pili alisome kabla ya rangi kununuliwa, tena awe mtu wa lugha nyingine ya nyumbani kuliko yako. Msukuma na Mkurya wakisoma rasimu moja, kila mmoja ataona kosa ambalo mwenzake limempita.

Majina ya watu usiyaguse. Kama kitambulisho cha NIDA kinasema Maliamu, andika Maliamu, hata kama moyo wako unataka Mariamu. Jina ni la mwenyewe, na benki haitamlipa mtu ambaye karatasi zake hazifanani.

Herufi h

Nitapita haraka. Ada ni malipo ya shule, na "hada" haipo kwenye risiti yoyote. Ila ni isipokuwa, hila ni ujanja mbaya, kwa hiyo "wote wanakaribishwa hila watoto" inasomeka vibaya sana. Ama ni au, hama ni ondoka. Aya ni kipande cha maandishi, haya ni soni. Wale wanaodondosha h (apa, ela, abari) wanaeleweka. Wanaoiongeza pasipo mahali pake ndio wanaozaa maana mpya.

Suala, swala na swali

Suala ni jambo linalojadiliwa: suala la maji, suala la usalama ziwani, wingi wake masuala. Swali linaulizwa na kusubiri jibu, wingi wake maswali. Swala ni mnyama, utamkuta Kisiwa cha Saanane, na kwa Waislamu swala ni ibada. "Swala la elimu ya watoto wetu" limeandikwa na wasomi wakubwa, na limezoeleka kiasi kwamba wengi wanaona suala ndilo kosa. Shikilia suala. Neno hili lina uzito wa kipekee kwa sababu ukilikosea umeingilia maneno mawili mengine yenye kazi zake, na moja ni la ibada.

Samaki huyu au samaki hii

Kisarufi jibu ni moja. Kiumbe hai hufuata a na wa: sangara huyu, sato hawa, dagaa hawa wamekauka. Samaki akishafika kwenye sahani bado anaitwa huyu. Najua sokoni Mwaloni utasikia "dagaa hizi bei gani", na sitamsahihisha mama anayepanga mafungu yake. Kwenye tangazo au ripoti ya kikundi, andika dagaa hawa. Uhai wa neno huamua sarufi yake, ndiyo maana mabondo, vile vifuko vya hewa, ingawa yametoka ndani ya sangara, ni haya, na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ni haya: ni viungo, si viumbe. Wavu ni mmoja, nyavu ni mbili. "Manyavu" iache.

Vyombo vya majini vinachanganywa pia, na hapa nachukulia kwa uzito kwa sababu tumezika watu. MV Bukoba ilikuwa meli, ilizama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere kilikuwa kivuko, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Anayeandika "meli ya MV Nyerere" anampa msomaji picha ya chombo kingine na safari nyingine. Kivuko huvusha watu na magari kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, meli husafiri masafa. Ngalawa, ile yenye matengo ubavuni, ni ya Bahari ya Hindi. Ziwani kwetu sema mtumbwi.

Tatizo au changamoto

Changamoto ni neno zuri lililochoshwa. Maana yake ni jambo gumu linalokuamsha na kukutaka uongeze bidii. Mashindano ni changamoto, masomo mapya ni changamoto. Maji yakikatika siku nzima Mabatini, hiyo ni shida, au tatizo, au kwa uaminifu zaidi ni maji kukatika. Linganisha matangazo haya mawili:

"Wananchi mnajulishwa kuwa kutakuwa na changamoto ya huduma kutokana na zoezi la maboresho."

"Maji yatakatika kesho kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa sababu bomba kuu linatengenezwa. Jazeni ndoo leo."

La kwanza lina heshima ya ofisini lakini mama mwenye watoto hajui afanye nini. La pili ni refu kidogo, na kila neno lina kazi. Zoezi nalo ni la namna hiyo. Zoezi ni la darasani au la mwili. Kuandikisha wapiga kura ni kazi, kuchanja ng'ombe ni kazi, na ukiandika "uandikishaji unaanza Jumatatu" neno zoezi halihitajiki kabisa. Kati ya neno linaloficha na neno linalosema, nachagua linalosema kila mara, hata mteja akiniambia halina uzito.

Maneno yanayomgusa mtu

Sehemu hii haina kipimo cha herufi. Kanda yetu imeshuhudia watu wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ngozi yao, na mauaji yale yalitanguliwa na maneno yaliyowafanya waonekane si watu. Kwa hiyo kati ya "zeruzeru" na "mtu mwenye ualbino" mimi sioni uchaguzi wa kujadili. "Albino" peke yake inatumika sana, hata na wenyewe, lakini inamfanya mtu aitwe kwa hali yake. "Mtu mwenye ualbino" inaanza na mtu. Tarehe 13 Juni kila mwaka dunia inaadhimisha siku ya kukuza uelewa kuhusu ualbino, na wanaochapisha mabango ya siku hiyo wanapaswa kuwa wa kwanza kulipata neno sawasawa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetumia mpangilio huohuo: watu wenye ulemavu, si "walemavu". Vivyo hivyo kwa bibi na babu zetu. "Kikongwe" na "ajuza" yamo kamusini, lakini huku kwetu bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni amewahi kuitwa mchawi, akahukumiwa kwa neno kabla ya kuhukumiwa kwa panga. Andika bibi, andika mzee, taja jina lake.

Kisha kuna ujumbe wa picha unaosambazwa kwenye vikundi vya simu: "Huyu ni mwizi wa pikipiki." Aliyekamatwa kwa kushukiwa ni mtuhumiwa. Aliyefikishwa mahakamani ni mshtakiwa. Mwizi au mhalifu ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani. Hatua hizi tatu zina maneno matatu, na umati wenye mawe hausubiri hatua ya pili. Kama hujui mtu yuko hatua gani, usisambaze.

Pale ambapo pana nafasi ya kuchagua

Baadhi ya mambo watu wanagombania bila sababu. Onyesha na onesha yote mawili yamo kwenye maandishi mazuri, na kila upande una hoja zake. Chagua moja, usiyachanganye ndani ya barua moja. Mimi natumia onyesha.

Kuunganisha na kutenganisha kuna jibu lakini hakuna madhara makubwa: kwa sababu, kwa hiyo na kwa ajili ya huandikwa kwa kutenganisha, mbalimbali na polepole kwa kuunganisha. Kitenzi ni neno moja, hivyo "nitakulipa" na si "nita kulipa". Ng'ombe na kung'oa vinataka alama yake ya ritifaa, na muhimu ina u wake.

Madawa au dawa? Dawa. Haibadiliki kwenye wingi, na jina rasmi la chombo cha serikali ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Masaa ni kesi ngumu kidogo. Sanifu ni saa, kwa umoja na wingi, lakini wanaosema masaa wana haja ya kweli: wanataka kutofautisha saa ya kwenye ukuta na muda unaopita. "Meli itachukua saa tatu" na "meli itaondoka saa tatu" zinafanana mno kwa abiria anayesoma kwa haraka. Kwenye mazungumzo siwazuii. Kwenye ratiba, tatizo linaondoka bila kuvunja sarufi ukiongeza neno moja upande huu na moja upande ule: itaondoka saa tatu asubuhi, safari ni ya muda wa saa tatu.